Gemu Isiyoua

Sogeeni. Na nyinyi mnaonong'ona huko nyuma, kama mna maneno yenu tokeni nje mkayamalize, maana hadithi hii si ya kumbembeleza mtu. Ni ya ugomvi, na ugomvi wenyewe haujaisha. Nimechoka kuubeba peke yangu, leo nawatwisha nyinyi.

Pale Korogwe, nyuma ya soko, palikuwa na banda la gemu la ndugu watatu wa tumbo moja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Kibibi, dada mtu, alijaliwa jicho la biashara: mteja akikanyaga mlangoni tu ameshamjua kama ana hela au kaja kukwepa jua. Mbaruku, wa kati, alijaliwa kumbukumbu: njia akiipita mara moja haimtoki kichwani. Hiza, kitinda mimba, alijaliwa vidole vyepesi, hata mama yao uzi ukimfunga fundo alikuwa akimpa yeye aufungue.

Gemu iliyowapa ugali ilikuwa moja, Nyoka wa Kisimani. Ya zamani, rangi zake zimepauka. Mtu mwenye taa anashuka kisimani, mawe yanamporomokea, popo wanamvamia, na chini kabisa amejikunja nyoka anayelinda mlango wa kutokea. Ilikuwa gemu katili. Ukichelewa kuruka, umekufa. Ukiwahi kuruka, umekufa. Na banda lilikuwa na sheria yake: unalipia roho tatu, na zikiisha unaachia pedi ya kuchezea, huku banda zima linakuzomea, "Achia! Achia!" Watu wazima na ndevu zao walitoka pale wamenuna, na kesho yake walikuwa wa kwanza kugonga mlango. Hela ya Kibibi ilitoka kwenye vifo vya watu, nasema ukweli.

Mbaruku peke yake ndiye aliyewahi kumpita yule nyoka. Hiza alimfikia mara moja, akafa, akasema atamrudia kesho. Kesho yake, kwenye kiwanda cha mkonge alikokuwa kibarua, mashine ikamla vidole vitatu vya mkono wa kulia. Tangu hapo akawa anakaa mlangoni kupokea hela, na akisikia watu wanapiga kelele za "Achia!" anageuza uso barabarani.

Ndipo akaja Bwana Fumbwe, mchuuzi wa vyombo vya umeme kutoka Tanga, mtu wa maneno laini. Mimi simpendi, na sitajifanya nampenda. Alileta mashine mpya na boksi linalong'aa, juu yake kachorwa yuleyule mtu wa taa na yuleyule nyoka.

"Nyoka wa Kisimani, imetengenezwa upya," akasema.

"Ni ileile?" Kibibi akauliza.

"Ileile, dada yangu. Ila tamu zaidi."

Bei yake ungenunua ng'ombe mwenye mimba. Hawakuwa na ng'ombe, basi wakatoa walichokuwa nacho.

Kibibi alitoa cherehani. Alikuwa ameinunua kwa kujinyima, na kila jioni aliota siku atakayofunga banda, aache makelele ya watu, ashone nguo zake kwa utulivu.

Mbaruku alitoa mashine ya zamani na gemu ya zamani ndani yake, maana Fumbwe aliitaka iwe sehemu ya bei. Aliifuta vumbi kwa fulana yake mwenyewe kabla ya kuikabidhi, akasema haidhuru, kisima ni kilekile.

Hiza alitoa kifuta machozi alichopewa kiwandani. Hizo zilikuwa pesa za vidole vyake, na tangu azipate hakuwahi kuzigusa hata kwa soda.

Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia fulani alitoa zaidi. Kila mmoja alitoa cha mwisho.

Siku ya uzinduzi banda lilifurika. Sempombe, fundi baiskeli, akalipia roho tatu akakaa mbele. Picha zilikuwa nzuri mno, watu wakapiga makofi. Sempombe akaruka vibaya, akaanguka. Watu wakavuta pumzi wapige kelele zao. Lakini mkono mweupe ukashuka kutoka juu, ukamwinua yule mtu wa taa, ukamrudisha palepale alipokuwa. Akaendelea. Popo wakampita kando kwa adabu kama wakwe. Mawe yalimsubiri avuke kwanza ndipo yakaanguka.

"Achia bwana!" mmoja akapiga kelele.

"Niachie nini? Kwani nimekufa?"

Hakufa. Sheria ilikuwa upande wake, na akaitumia. Alikaa mpaka mwisho wa kisima, nyoka akafumba macho kumpisha, na zile roho tatu hakutumia hata moja. Foleni ilikuwa imeshatawanyika. Kibibi alikuwa amesimama na chenji mkononi, akajua amefanya upumbavu. Alikuwa mwenye biashara ya vifo, na amenunua gemu isiyoua.

Akabadilisha, akaanza kulipisha kwa muda. Wapi! Mtu alimaliza mara moja, akaaga, basi. Hakuna aliyerudi kulipiza kisasi kwa nyoka asiyemfanya kitu.

"Ng'ombe mzima kwa mchuzi wa maji," Sempombe akawaambia watu sokoni. "Wametoa pilipili, wametoa chumvi, wakaongeza bei."

Mimi nasema alisema kweli. Lakini mimi sikuwemo bandani mchana ule ninaotaka kuwaeleza sasa.

Banda lilikuwa tupu. Kibibi aliingia kutoka kununua mkaa, akamkuta Hiza amekaa mbele, pedi ameilaza mapajani, mkono wa kulia anabonyeza kwa vidole viwili vilivyobaki na kiganja. Aliruka, akaanguka, akainuliwa. Aliruka tena. Kibibi akasimama na mkaa wake mpaka nyoka akafumba macho na mlango wa kisima ukafunguka. Hiza akaiweka pedi chini, akainamisha kichwa, akalia kwa sauti. Kibibi alimwona mdogo wake mwenye furaha kwa mara ya kwanza tangu siku ya kiwandani, na moyo ukamjaa.

Mbaruku naye alikuwa ameingia, yuko nyuma yao.

"Unalia nini?" akasema. "Hiyo hata kuku akidonoadonoa anamaliza."

"Basi kamlete kuku wako," Hiza akajibu bila kugeuka.

"Hujampita nyoka wewe. Umepishwa. Umebebwa kama mtoto mgongoni, halafu unalia eti umefika."

"Mbaruku!" Kibibi akafoka.

"Mwache, dada. Mwache atapike yote." Hiza akasimama, akamgeukia. "Kinachokuuma si gemu. Kinachokuuma ni kwamba sasa nyumbani tuko wawili tuliompita."

Mbaruku akamkwida shati. Kibibi aliwaachanisha kwa kumwaga mkaa wote sakafuni na kuwapigia kelele kama wahuni wa stendi. Tangu siku hiyo wale wawili hawakuongea. Chakula kilipakuliwa sahani mbalimbali, na salamu zilipitia kwa dada mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pananinyima raha.

Wiki hiyohiyo Fumbwe akarudi, anasukuma toroli. Ndani ya toroli imo cherehani ya Kibibi, imo mashine ya zamani, na pesa za Hiza anazo mfukoni. Alikuwa na tabasamu lake lilelile.

"Kuna hoteli Tanga inaitaka hii mpya, inanipa zaidi yenu," akasema. "Nirudishieni, kila mtu achukue chake. Hamtaki, sawa, cherehani nauza, na hii kuukuu naipeleka kwa mafundi waikatekate vipuri. Lakini nataka jibu sasa hivi, gari langu linaondoka."

Mbaruku akashika toroli kabla mtu hajamjibu.

"Rudisha, dada. Tumeibiwa. Tumelipia jina na rangi. Hii iliyomo humu haipatikani tena popote, nimeulizia mpaka nimechoka. Wakiikata, kisima kimekufa. Mimi sijasoma, sina fani, sina mke. Kitu kimoja tu duniani nilikiweza kuliko watu wote, na mnataka kikawe vipuri?"

Hiza hakusogea. Alikuwa amekaa mbele ya skrini, pedi mapajani.

"Nyinyi mnasema ni ghali," akasema. "Ni ghali kwenu wenye vidole. Mimi pesa ile nililipwa kwa vidole, na nimevinunulia kitu kinachonichezesha bila vidole. Kwangu bei ni halali. Ukinirudishia hizo pesa, dada, nitafanyia nini? Niziweke tena nizitazame?"

"Banda linakufa," Mbaruku akasema. "Wateja hawaji. Atakula hayo machozi yake?"

"Ulikula ya kwangu miaka yote niliyokaa mlangoni," Hiza akamjibu.

Kibibi akaitazama cherehani. Sindano ilikuwa imekatika, mtu alikuwa ameigusa vibaya njiani, na hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia. Gemu ya zamani ikirudi, wateja watarudi, kesho tu banda litajaa, na cherehani yake itarudi kwenye kona yake. Lakini Hiza atarudi mlangoni. Alikuwa na hasira na Fumbwe aliyewadanganya, na Mbaruku kwa mdomo wake. Hiza alimkasirisha pia, kwa kulia kwake. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyemuuliza yeye anataka nini.

"Dada, gari," Fumbwe akasema.

Kura ya Mbaruku ni kurudisha. Kura ya Hiza ni kubaki nayo. Imebaki kura ya Kibibi, naye ameinama, ameushika waya wa mashine mpya pale unapoingia ukutani.

Msiniambie wangenunua zote mbili, hawana hata senti. Msiniambie wapatane kwanza, wamekataa. Na usikimbilie kunijibu wewe uliyecheza ile ya zamani ukiwa na vidole kumi, wala wewe ambaye hujawahi kuweza kitu ambacho wengine hawakiwezi. Watatu walitoa sawasawa. Mmoja alipata alichokilipia, mmoja akapoteza alichokuwa nacho, na mmoja anawalisha wote wawili. Haya, semeni, nani alilipa bei ya haki na nani aliibiwa? Je, wewe ungekuwa Kibibi, mkono ukiwa kwenye ule waya na ndugu zako wote wawili wanakutazama, ungeuchomoa?