Kikohozi Chini ya Nyasi za Ng'ambo

Sogeeni karibu, na mlango ufungwe, maana hadithi hii kila nikiianza nasikia baridi mgongoni. Nawaambia mapema kabisa: mimi mwisho wake sina. Nitawaachia ninyi, mgombane wenyewe.

Huko uwandani kwa Wamasai aliishi mzee Kashu na watoto wake watatu. Wa kwanza, Lemomo, alikuwa na mikono isiyojua kuchoka. Akichimba, jembe ndilo lililoomba kupumzika. Wa pili, Nasieku, alikuwa na masikio ya kusikia maji yakitembea chini ya ardhi. Kitinda mimba, Tipape, alikuwa na pua. Mpe chembe ya mbegu, atakuambia imetoka bonde gani. Wewe unayeicheka pua ya Tipape, cheka sasa hivi, baadaye hutaweza.

Lemomo alikaa mjini, akarudi na macho ya mjini. Akaliangalia boma la baba yake, akasonya. "Papa, haya majani yanatia aibu. Yamesimama ovyo kama nywele za mwendawazimu." Akang'oa nyasi zote za nyumbani, akaleta nyasi za ng'ambo, zile za kukatwa fupi, akazipanda mpaka mlangoni. Boma likawa kama limetandikwa zulia la kijani. Dada zake je, walimkataza? Wapi! Walivua viatu wakatembea juu yake wakichekelea. Ng'ombe walinusa, wakageuka.

Ikafika siku mzee anakata roho. Kwao, mtoto anayeomba radhi huchuma nyasi za boma, akazishika mkononi mbele ya mzazi, na mzazi humtemea mate ya baraka. Basi watoto wakatoka mbio, kila mmoja akarudi na nyasi mkononi. Mzee akazitazama, akazipapasa kwa kidole. "Hizi ni za nani?" akauliza. "Mimi sizijui." Hakutema. Akafa hivyo hivyo, midomo wazi, na watoto wote watatu wamepiga magoti.

Walimzika pale pale bomani, na nyasi za ng'ambo zikatambaa zikamfunika. Halikupita juma, kikohozi kikaanza. Kilikuwa kikohozi chake hasa, kikavu, cha mtu anayetaka kutema na hawezi. Lemomo alikisikia nyuma yake mnadani, mchana kweupe, katikati ya watu. Nasieku alikisikia kisimani. Tipape alikuwa ameolewa mbali, huko nako kikamfuata mpaka jikoni. Akigeuka, hakuna mtu. Aliogopa hata kumpa mgongo mtoto wake mwenyewe.

Mama yao, Yeyo Resiato, akawaita. "Wanangu, baba yenu ameondoka na radhi zenu mdomoni. Msipomfungua, kikohozi hicho mtazeeka nacho na mtazikwa nacho."

Nasieku akalala kifudifudi juu ya kaburi, sikio ardhini, kuanzia ng'ombe walipotoka mpaka waliporudi. Alipoinua kichwa alikuwa analia. "Mizizi imeshonana juu ya kinywa chake," akasema. "Anataka nyasi zake. Tena si aina moja. Anazitaja moja moja, kama anavyoita ng'ombe kwa majina." Akawatajia zote. Lakini sikio lile lilibaki kule chini. Tangu siku hiyo mwanawe akilia upande huo, yeye hasikii, anasikia udongo tu.

Lemomo akashika jembe. Nyasi zile, jamani, ukiacha kipande cha mzizi mfano wa kucha, kesho kimeota tena! Akaliweka jembe chini, akaupekua udongo wa boma zima kwa vidole, akitoa mizizi uzi mmoja mmoja. Juu ya kinywa cha baba yake alipekua akiomba msamaha kwa sauti, hana habari nani anamsikia. Alipomaliza, vidole vilikuwa vimepinda, na vikakataa kunyooka. Fimbo ya mwanamume hawezi kuishika tena.

Tipape akaenda kutafuta mbegu. Usidhani zilikuwa dukani. Nyingine alizichambua kwenye mkia wa punda, nyingine akazikuta milangoni mwa sisimizi, nyingine kwenye paa la zizi bovu la ndama. Alinusa kila chembe. "Hii siyo. Hii ndiyo, hii ya kwetu." Akazichanganya, ndefu na fupi, zinazokuja na mvua za mwanzo na zinazostahimili kiangazi, akazipanda kwa samadi. Na pua ikafa. Sasa maziwa na majivu kwake ni kitu kimoja, na akimkumbatia mwanawe hapati harufu yoyote.

Mvua ikanyesha, nyasi zikaota, zikafika kiunoni. Asubuhi moja ukungu ukatanda bomani, na mzee Kashu akaonekana amesimama katikati ya nyasi. Midomo yake ilikuwa imelowa.

Watoto wakachuma nyasi. Lemomo alizikata kwa meno, akazibana kwa viganja viwili. Lakini Yeyo akawazuia. "Ngojeni. Mate ya marehemu ni ya mtu mmoja. Asogee mmoja tu."

"Bila sikio langu," akasema Nasieku, "mngekuwa bado mnakisia."

"Na hizo nyasi mlizoshika, nani kazileta?" akauliza Tipape. "Au mlitaka mrudi kwake na zile zile alizozikataa?"

Lemomo akasema, "Mimi ndiye niliyemfunika na ndiye niliyemfunua. Kosa langu ndilo kubwa. Nani ana haja ya radhi kunishinda?" Halafu akaona haya, akarudi nyuma awapishe dada zake. Mara kikohozi kikapasuka kisogoni mwake. Akaruka mbele tena.

Atakayetemewa atalala usingizi maisha yake yote. Wawili watakaobaki watakwenda na kikohozi hicho mpaka kufa. Yeyo amefumba macho, hataki kuchagua. Hao wote ni wa tumbo lake. Mzee naye hatazami nyuso, anatazama nyasi, na za wote watatu anazijua.

Haya, msinitazame mimi! Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi, ukungu unainuka na mzee anainuka nao. Miguu imekwisha kutoweka, kifua nacho kimetoweka, na ile midomo imeanza kukauka.