Mize na Kidimbwi cha Shefuri

Kukaa na shefuri si ngozi, ni mwendo. Mmemsikia leo Bi Hidaya akimwambia hivyo bintiye anayerudi kwa mumewe, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza shefuri na ndoa wapi na wapi. Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna, tafuna kimya. Neno hili lina mwenyewe, na siku lilipotamkwa mara ya kwanza watu walikuwapo. Ilikuwa hivi.

Shefuri mnamjua? Ni yule mdudu wa baharini, duara kama chungwa, mweusi, mwili mzima miiba mirefu. Ukimkanyaga, mwiba unaingia, unakatikia humo humo, na sumu yake itakufanya umwite mama yako hata kama umeshamzika.

Sasa, palikuwa na mwanamke wa Makwaleni akiitwa Mize. Huko, wachokoaji wa pweza walikuwa wanawake. Bamvua, yale maji makubwa ya kila nusu mwezi, likifika na bahari ikatoka mbali, walishuka mwambani na vyuma vyao, kila mmoja akaenda kwenye mashimo yake. Nasema yake, kwa sababu shimo la pweza lilikuwa mali, mama akimrithisha binti. Ila palikuwa na sharti: shimo likipitwa na mabamvua matatu bila mwenyewe kutoa pweza, basi huwa la atakayewahi.

Mama yake Mize alipofariki hakuacha shamba wala kuku. Aliacha shimo moja, chini ya jiwe katikati ya kidimbwi, na shimo hilo ndilo lililomlea Mize tangu anatambaa. Balaa ni kwamba shefuri walikuwa wamehamia kidimbwini, wamejaa pomoni. Kuwaponda ilikuwa mwiko, maana pweza akisikia vishindo huhama asirudi.

Bamvua la kwanza lilimkuta Mize matangani. La pili akaenda. Alijifunga miguu kwa ngozi ya ng'ombe, tabaka mbili, akaingia mbiombio ili amalize upesi. Hatua ya tano hakuifikia. Miiba ilipenya ngozi kana kwamba haipo. Walimtoa wamembeba, wakamkanda kwa maji ya moto, na siku sita hakukanyaga chini.

Aliyefurahi alikuwa wifi yake Sikudhani, dada wa mumewe, waliyekaa naye uwanja mmoja. Loo, mwanamke yule alikuwa na ulimi! Alikuwa na mabinti wanne na mashimo mawili tu, kwa hiyo alilitaka lile shimo, na wala hakuficha.

"Shefuri huja na huondoka," alisema mbele za watu. "Mimi naweza kungoja."

Maneno hayo yalimuuma Mize kuliko miiba. Akaapa kwamba shimo la mama yake haliendi kwa mtu naye yu hai.

Bamvua la tatu lilipowadia alitangulia mwambani peke yake, bado anachechemea. Hakuingia. Alichuchumaa ukingoni akatazama maji. Nyinyi mngetazama miiba, nawajua. Yeye aliwatazama waliokaa humo. Maana katikati ya miiba palikuwa na visamaki vyembamba vyenye mistari, na uduvi wasiofika ukucha, wanazungukazunguka kama watoto uani kwao. Hawana gamba la maana, hawana chochote. Mize akajiuliza, "Hawa mbona hawachomwi?"

Jibu alilipata wenzake walipofika. Sikudhani alisimama ukingo wa mashariki, jua mgongoni, kivuli chake kikalala juu ya maji. Papo hapo miiba ikageuka, ikaelekea kwenye kile kivuli, na upande wa pili pakabaki na nafasi. Visamaki, bila haraka yoyote, vikainamisha vichwa na kuteremka upande huo. Vilifuata mlalo wa miiba, wala havikuikingamia.

"Wifi," Sikudhani akaita, makusudi wote wasikie, "leo umekuja na ngozi ya nani? Ya kiboko?"

"Leo nina hii niliyozaliwa nayo," Mize akajibu, akazitupa kando zile ngozi za ng'ombe.

Wanawake wakaguna. Bi Tatu, mkubwa wa wachokoaji, aliyekuwa na neno la mwisho mwambani, akamsogelea. "Mwanangu, usijiue kwa shimo. Pweza wako wengi."

"Wako, Bi. Mama ndiye niliyekuwa naye mmoja."

Bi Tatu akawaambia wanawake warudi nyuma wampishe. Sikudhani naye akataka kusogea.

"Wewe usitoke, wifi!" Mize akapaza sauti. "Nakuomba, simama hapo hapo."

"Kwa nini?"

"Si unataka kuniona nikianguka? Hapo ndipo utaniona vizuri."

Sikudhani akashika kiuno, akasimama wima.

Mize akazunguka hadi magharibi, jua likampiga usoni, kivuli chake kikabaki nyuma yake. Akaingia. Hakuinua mguu. Aliuburura mchangani taratibu, akiupitisha kule miiba ilikolala. Shefuri akimgusa kifundo, alisimama, akangoja mwiba ulale, ndipo akaendelea. Jasho lilimtoka ndani ya maji. Mwili wake wote ulitaka kukimbia, naye akaukatalia. Maji yakaanza kurudi, Bi Tatu akamwita atoke, hakutoka. Alifika jiweni, akakiingiza chuma shimoni, akakisokota, akavuta. Pweza huyo! Minyiri yake ilimzinga Mize mkono hadi kiwikoni.

Vigelegele vikapigwa, lakini Mize hakujibabaisha navyo. Alirudi kinyumenyume, uso kwenye jua, kwa mwendo ule ule.

Alipotoka, Bi Tatu alipiga magoti akamkagua miguu. Alikuta mwiba mmoja tu, kwenye kidole.

"Ngozi yako ina nini, mwanangu?"

"Si ngozi, Bi. Ni mwendo."

Halafu Mize alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alimkata pweza mnyiri ulionona kuliko yote, akampelekea Sikudhani.

"Unanicheza shere?" Sikudhani akafoka.

"Hapana, wifi. Huu ni haki ya kivuli chako. Ndicho kilichoigeuza miiba. Ungeondoka, ningekwama katikati."

Sikudhani aliyapekua maneno yale akitafuta tusi. Hakuliona. Akaupokea mnyiri kwa mikono miwili.

Bi Tatu akacheka hadi akashika mbavu. "Huyu hakujifunza kidimbwi tu, na wifi pia!"

Wifi hao wawili walikaa uwanja ule ule miaka ishirini na mitatu. Ulimi wa Sikudhani haukupungua makali hata siku moja, msidanganyike. Mize hakuhama, wala hakuwa mtu wa moyo mgumu asiyeumia. Wageni walipomsikia Sikudhani akianza asubuhi, walimuuliza Bi Tatu yule mke wa kaka anawezaje, naye aliwajibu hivi: kukaa na shefuri si ngozi, ni mwendo.