Chungu cha Hakimu

Mko macho? Basi sogeeni, moto ungali unawaka.

Mji mmoja ulipewa chungu cha maji na zimwi la shimoni. Aliyeshitakiwa kwa mauaji alitia mkono; maji yakichemka bila moto, alitupwa shimoni, zimwi likamla. Siku moja Sikudhani alishitakiwa kwa kumuua jirani yake. Akatia mkono, maji yakachemka.

"Umeua," akasema hakimu.

"Siku hiyo nilikuwa mbali, nachuma karafuu. Waulize wachumaji wenzangu."

"Wa nini? Chungu hakikosei."

"Wewe umewahi kukitia mkono, bwana hakimu?"

"Mimi sishitakiwi."

Sikudhani akamgeukia karani. "Na wewe?"

"Sishitakiwi."

Akawageukia askari. "Na nyinyi?"

"Hatushitakiwi, dada. Usituchoshe."

"Mmechoka nyinyi?" akauliza Sikudhani, akakipiga chungu teke.

Kikayumba. Hakimu akaruka kukidaka, mkono ukazama ndani. Maji yakachemka mpaka yakamrukia ndevuni.

Watu wakamkodolea macho.

"Jamani, mimi sijaua mtu," akasema hakimu.

"Na mimi nilisema hivyo," akajibu Sikudhani.

Askari wakamfungua Sikudhani kamba ya kiunoni, wala hawakumtazama usoni. Ndipo Bi Rehani, mama mtu mzima, akasimama kule nyuma.

"Mwanangu Faki naye alisema hivyo hivyo kabla hajatupwa," akasema.

Kule shimoni, zimwi likacheua.

Kisa nakitua hapa, anayekiweza akibebe.