Mkeka wa Biubwa

Sogeeni karibu, na aliyekuja na jibu mfukoni alirudishe nyumbani kwanza, maana hadithi hii imeshawashinda waliosoma.

Palikuwa na Mwalimu Zuwena, mwanamke aliyefanya kazi nne ambazo zingetosha ukoo mzima. Ujanani alichora kanga kiwandani. Kisha akafundisha chuoni. Kisha akaingia katika utafiti, akizunguka vijijini kunakili nakshi za mikeka na za makawa ya kufunikia vyakula kabla hazijasahaulika. Mwishowe viwanda vikamwita aviambie wanawake watapenda kuvaa nini mwakani, kazi ambayo bibi zetu waliiita uaguzi na siku hizi inatolewa cheti. Umri ulipobisha hodi, akazigawa kazi zake kwa wanafunzi wake watatu, kama mtu anayegawa vyombo vya jikoni angali hai. Kalamu ya kuchora akampa Nasra. Daftari la utafiti akampa Hidaya. Uaguzi akampa Tunu. Mwenyewe akabaki na chaki.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Hidaya alikwenda Pemba, akakaa siku tisa uani kwa Bi Raya Faki, msukaji wa mikeka. Alimkuta akisuka mkeka wa harusi ya bintiye, Biubwa. Katika ukoo ule, mkeka wa bibi harusi husukwa kwa nakshi mpya isiyowahi kuonwa na mtu. Siku ya harusi bibi harusi hukalishwa juu yake, na hapo ndipo wanawake huitazama kwa mara ya kwanza. Basi huwa nakshi yake, wala hairudiwi maadamu yu hai. Bi Raya alimruhusu Hidaya kuinakili kwa sharti moja: isitoke daftarini mpaka Biubwa awe ameikalia. Hidaya akaapa. Na sharti aliliandika kwa uaminifu kabisa katika ripoti yake, ile yenye picha ya nakshi, ukurasa wa sitini na moja, chini, kwa herufi ndogo, penye tanbihi, mahali ambapo wasomi huweka mambo wanayotaka yasomwe na Mwenyezi Mungu peke yake.

Tunu alishinda saluni, akapita madukani, akahudhuria sherehe za watu asiowajua na kula pilau yao kwa ajili ya taaluma. Akatabiri kwamba Mfungo Mosi ujao, msimu wa harusi, wanawake watakuwa wamechoka na maua. Watataka nakshi za mkeka, rangi ya zambarau. Alisema kweli, na huo ndio ubaya wake. Ripoti ya Hidaya aliipata mapema. Alitazama picha, tanbihi hakuifikia, akaikunja, akampelekea Nasra ujumbe kwamba msimu haungoji mtu, achore hii.

Nasra akachora. Bi Raya ana desturi ya kuacha, kwenye kona ya kila mkeka, chane moja ya majani ya ukindu ipite juu ilipopaswa kupita chini. Hiyo ndiyo sahihi yake. Nasra aliiona. Alijua kwamba kosa zuri namna ile lazima lina mwenyewe. Akaliacha lilivyo, kwa sababu lilipendeza. Kisha kanga lazima iwe na maneno, naye akaandika: CHANGU NI CHANGU, SIAZIMI MTU. Hakucheka alipoyaandika, wala kiwandani hakuna aliyecheka.

Mchoro ukafika kwa Mwalimu Zuwena, maana kiwanda hakikuchapa kitu bila idhini yake. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Miaka yake ya utafiti alikuwa amekaa kwenye nyua kama ule wa Bi Raya. Nakshi ya bibi harusi aliitambua kama mtu anavyotambua harufu ya udi. Akafungua kinywa aulize imetoka wapi. Kisha akafikiri kwamba Nasra hajapata kuchora kitu kizuri kama kile, na kwamba swali lingemvunja moyo. Akapunguza upana wa pindo kwa nusu inchi, akatia sahihi.

Kanga ilitoka, ikagombaniwa.

Siku moja kabla ya harusi ya Biubwa, wanawake walifika kwa Bi Raya kusaidia mapishi. Sita walikuwa wamejifunga ile kanga. Wa saba aliikunja ya kwake akaepulia sufuria la wali. Biubwa alisimama mlangoni, akalitazama lile sufuria. Akaingia ndani, akaufunua mkeka wake, akaufunika tena, akatoka.

"Mama," akasema, "mimi ndiye nitakayekuwa wa mwisho kuikalia."

Hakuukalia. Harusi ikasogezwa siku arobaini, mpaka usukwe mkeka mwingine. Shangazi wa bwana harusi alisema kwamba amesikia harusi kuahirishwa kwa mvua na kwa msiba, kwa mkeka bado. Watangoja siku arobaini, ya arobaini na moja watatafuta kwingine.

Wiki ile ile chuoni ikafika barua ya wizara. Kanga imeshinda tuzo ya ubunifu, na fomu ilikuwa na mstari mmoja: Jina la Mbunifu, mmoja tu. Habari za Pemba zilikuwa zimekwisha wafikia wale wanne, na hakuna aliyeujaza. Karani wa chuo, Bwana Makame, aliwaita mmoja mmoja mara tatu. Alisema katika miaka yake kumi na minane ya utumishi ameona watu wakipigania mstari; mstari kukimbiwa hajapata kuuona, wala hajui unawekwa kwenye faili gani.

Kisha Bi Raya akapiga simu.

"Hidaya mwanangu, sikupigii kukutukana, matusi nimeyamalizia kwa mbuzi. Mikono yangu haiwezi mkeka mzima kwa siku zilizobaki. Aliyenikosea na aje, anichanie ukindu, tusuke naye. Siku Biubwa atakayoukalia, nitampa radhi yangu."

Hidaya akamjibu kwamba waliomkosea ni wanne, na wote wako tayari kuja.

"Ua wangu hauna nafasi ya kamati," Bi Raya akasema. "Mkija wanne, kila mmoja atabeba robo, na robo ya kosa haimnyimi mtu usingizi. Nataka mmoja aliyelibeba zima. Wengine tutaonana kwa Mola."

Hapo ndipo waliposhikana. Wale wale walioikimbia tuzo sasa walinyang'anyana lawama. Hidaya alisema yeye ndiye aliyeapa, aende yeye. Nasra akamwambia kiapo kilicholala ukurasa wa sitini na moja hakikumdhuru mtu. Mkono uliochora ni huu, na akaunyoosha mezani. Tunu akasema mchoro ungeozea kabatini kama yeye asingeuitia soko. Nasra alichora, lakini aliyewavisha wale wanawake sita ni yeye.

"Nyamazeni, wanangu," akasema Mwalimu Zuwena. "Nyinyi kila mmoja alikuwa na kipande. Mimi nilizibeba kazi zote nne kichwani, na siku ile sikutumia hata moja."

Tunu, ambaye hajapata kumjibu mwalimu wake, akamjibu.

"Mwalimu, hata kwenye hatia unataka kuwa wa kwanza darasani?"

Siku tatu zimepita wakibishana. Boti ya Pemba inaondoka kesho asubuhi. Bwana Makame amekwisha andaa kibali cha safari cha mtu mmoja. Penye sababu alikuta semina, mkutano, mazishi na mengineyo, akatia alama kwenye mengineyo. Jina bado.

Hidaya anajua kuchana ukindu, lakini Bi Raya alimwamini mara moja na mkeka ukapotea. Nasra ana mkono mwepesi kuliko wote, na macho yasiyoweza kuona nakshi bila kuichukua. Tunu hajapata kushika ukindu maishani, na hakuna anayetamani kusamehewa kama yeye. Mwalimu Zuwena alijua, akanyamaza. Tena macho yake hayaoni vizuri, na siku zinahesabika.

Je, wewe ungeamua vipi? Kalamu hii, andika jina. Na kabla wino haujakauka, watazame wale watatu usoni, uwaambie kwa nini umewanyima radhi.