Kindi na Ngoma ya Vibarua

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na kazi!
Na nani wa kuifanya?
Muulize Kindi!

Ehe, hapo mmesema. Kindi, mwili mdogo, mkia umemzidi, aliweka ngoma juu ya kichuguu. Mwenye biashara akitaka mtu, anakuja kuipiga. Bi Kanga anataka mikeka ya mgahawa wake? Ndu! ndu! Kindi mbio, mti hadi mti, anamleta Mnana, fundi wa kusuka. Nyuki anataka tundu kwenye gogo la duka la asali? Ndu! ndu! Kindi mbio, anamleta Kigong'ota. Kazi ikiisha, Kindi anapewa konzi ya karanga. Ngoma ikavuma mpaka ng'ambo ya mto.

Kiboko akasikia. Akaja, puu! puu! puu! Wateja wakajaa kutazama.

"Wewe Kindi! Kuanzia leo ngoma ni yangu. Na karanga pia."

Kindi aliingiwa na hofu. Ngoma ile ilimlisha yeye na vibarua wote wa msituni. Lakini uso wake ukabaki mkavu.

"Chukua, mzee wangu. Ila tuna desturi hapa: mteja haambiwi hapana. Kibarua akikosekana, mwenye ngoma anaifanya kazi mwenyewe."

"Hilo tu? Nimekubali, na wote mmesikia!" Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. Mwacheni acheke.

Kindi mbio, mti hadi mti: "Jamani, kesho tunapumzika!"

Asubuhi, ndu! ndu! Bi Kanga anataka mikeka. Kiboko akamwita Mnana. Kimya! Akasuka mwenyewe, ukindu wote ukakatika. Ndu! ndu! Nyuki anataka tundu. Akamwita Kigong'ota. Kimya! Akagonga gogo kwa pua, ngo! Pua ikavimba. Ndu! ndu! Mzee Kobe anataka mtu wa kuangua nazi. Kiboko akautazama mnazi, chini hadi juu. Machozi yakamtoka.

"Kindi! Njoo uchukue ngoma yako!"

"Naichukua, mzee wangu. Lakini usiende mbali. Mchwa wanatafuta wa kuwakanyagia udongo, na miguu kama yako sikuwa nayo."

Kiboko akafuta machozi. "Kuna karanga?"

"Zipo. Konzi moja yangu."

Basi funzo ni hili, wanangu: ukiona shughuli ya mwenzako imeshamiri, mpokonye hima. Kazi hutakosa.

Ngano yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe, nimeizoea.