Nguchiro na Fuko Aliyechimba Juu

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitika kama mmemeza mawe. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na mambo!

Haya. Mambo yenyewe sikuyaanza mimi, niliyakuta. Uwongo wake si wangu, utamu wake ni wa mwenye masikio. Mwenye usingizi akalale, sitarudia.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na nyua na maghala kama watu, alikuwapo Nguchiro. Mama wa watoto watano, mume hana. Mume alikwenda kutafuta asali, akatafutwa yeye. Nguchiro huyo macho yake hayakutulia. Chungu cha jirani kikichemka, yeye anajua kina nini kabla ya mpishi. Lakini ghala lake, jamani! Mlikuwa na vumbi na utando wa buibui, na buibui mwenyewe alishahama.

Na kiangazi kilikuwa njiani. Kiangazi kilichopita watoto walilamba chungu mpaka kikang'aa, na yule wa sita hakukiona kikiisha. Sasa mto ulikuwa umeanza tena kuonyesha mawe yake. Nguchiro akiyatazama yale mawe, anawahesabu wanawe upya.

Jirani yake alikuwa Fuko. Fuko haoni. Haoni, hakimbii, hapigani. Lakini ghala lake! Mtama umejaa mpaka mlango haufungiki, asali inamwagika, uyoga mkavu umening'inia hadi kwenye paa.

Nguchiro akawaza. Ni mwizi? Mwizi gani asiyeona! Anafuga jini? Jini gani atakubali kuishi shimoni! Kaoa tajiri? Mke mwenyewe hana!

"Hili," akasema, "nitalijua."

Asubuhi Fuko akatoka, anapapasa njia, anaimba:

*Chimba, Fuko, chimba,*
*chimba juu kwanza,*
*chini baadaye.*

Nguchiro nyuma yake, nyatu nyatu. Fuko akafika kwa Mama Kanga, akapiga hodi, akaketi. Nguchiro kajificha nyuma ya kichuguu, mbali, maneno hayasikii. Anaona tu Fuko kaketi, kaketi, kaketi. "Mvivu huyu!" Jua lilipopanda ndipo Fuko akainuka, akachimba shimo dogo nyuma ya nyumba, akaenda zake. Kesho yake Mama Kanga akapita na kibuyu cha mtama kichwani. Kinakwenda wapi? Kwa Fuko.

Siku ya pili Fuko akaenda kwa Ngiri. Akaketi, akaketi, akaketi. Akachimba mfereji. Kesho yake Ngiri akapita na viazi. Kwa nani? Kwa Fuko.

Siku ya tatu akaenda kwa Bi Kobe. Akaketi weee! Akachimba shimo. Bi Kobe akapita na uyoga. Nisiseme kwa nani, mnapajua.

Nguchiro akashindwa kuvumilia, akaenda kwa Fuko.

"Jirani, siri yako nini?"

"Siri sina. Nachimba."

"Unachimba tu?"

"Nachimba juu, kisha nachimba chini. Ila ya juu ndiyo kazi."

Nguchiro akatoka anacheka. Udongo wa juu ndio kazi? Udongo laini ule! Mzee kazeeka na akili zake. Kama ni kuchimba, yeye ana kucha kumi za mbele, kali kama sindano, na macho pia!

Alfajiri akaenda kwa Mama Kanga. Hakupiga hodi, eti amshangaze kwa furaha. Akachimba shimo zuri, la mviringo, mbele ya mlango. Mama Kanga akatoka na vifaranga wanane, ghafla wanane wote wako shimoni, wanalia pii pii.

"We mwanamke! Nani kakutuma?"

"Nimekusaidia, shoga."

"Nimekuomba?"

Nguchiro akaona huyu hana shukrani. Akaenda kwa Ngiri. Akakuta dimbwi la tope mbele ya nyumba. "Uchafu gani huu!" Akachimba mfereji, tope lote likateremka bondeni. Ngiri akarudi, akasimama, meno nje.

"Tope langu liko wapi?"

"Nimekuondolea uchafu, bwana Ngiri."

"Uchafu! Hilo ndilo godoro langu! Ndilo bafu langu! Ndilo linaloniponya kuwashwa! Hebu niondokee."

Akaenda kwa Bi Kobe. Hapo karibu na mlango akaona udongo laini, akajisemea alivyofundishwa: juu kwanza. Akachimba. Akachimbua nini? Mayai ya Bi Kobe, meupe, manane, yako nje juani.

Bi Kobe hakupiga kelele. Kobe hapigi kelele. Alisema pole pole, na neno la pole pole ndilo linalokata.

"Nguchiro. Nimesubiri mayai haya miaka miwili."

Jioni hiyo watatu wale wakakutana, wakamwita. "Kesho jua likianza kutua, wewe na wanao tusiwaone hapa." Kuhama na watoto watano, kiangazi mlangoni, huko nje kuna nini? Kuna mawe na tai.

Nguchiro akaenda kwa Fuko, machozi na matusi pamoja.

"Umeniponza, kipofu we! Ulisema nichimbe, nimechimba. Sasa wananifukuza!"

"Ulichimba juu?"

"Nilichimba! Udongo laini, nikautoa wote!"

Fuko akacheka mpaka akaanguka chali, na fuko akianguka chali kuinuka kazi.

"Nguchiro, nani kakwambia juu ni udongo? Juu ni mtu! Mimi sioni. Nikifika kwa mtu nitajuaje pa kuchimba? Basi namchimba mwenyewe kwanza. Naketi, namuuliza: Kuna nini? Panakuuma wapi? Ungetaka iweje? Kisha nafunga mdomo. Akimaliza kusema, udongo ni kazi ya kucha. Nilikusikia ukininyatia. Wewe mwenye macho uliona nimeketi, ukadhani napumzika."

Nguchiro akaketi chini, akatulia. Mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Haya," Fuko akasema, "na wewe ngoja nikuchimbe. Panakuuma wapi?"

Nguchiro akasema. Akasema ghala, akasema mawe ya mtoni, akasema mtoto wa sita, ambaye hakuwahi kumtaja kwa mtu.

Fuko akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na mchana mnakula nini?"

"Nyoka tu, nikimpata. Siku hizi pembeni kwangu wamekwisha."

"Nyoka?"

"Ee, nyoka. Wewe huli nyoka?"

"Mwanamke, kijiji kizima hakilali kwa ajili ya nyoka, nawe unazunguka unachimba mashimo!"

Nguchiro akashangaa. Alidhani kila mtu anawala. Kitafunio cha mmoja, kumbe ni msiba wa mwingine.

Jua lilipochomoza akaenda kwa Mama Kanga. Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Hodi! "Umekuja kuzika wanangu sasa?"

"Nimekuja kuketi. Panakuuma wapi, shoga?"

Mama Kanga akamtukana kwanza, haki yake. Matusi yalipokwisha, ya chini yakatoka: nyoka, swila. Yumo kwenye ukuta wa kiota, anameza mayai, haogopi mtu.

"Ni hilo tu? Hicho ni kifungua kinywa!"

Akaingia. Vumbi, kishindo, kimya. Akatoka anajifuta mdomo.

Akaenda kwa Ngiri. Akaketi mbali kidogo, maana meno yale. "Panakuuma wapi, bwana?" Ngiri akanung'unika: kupe. Wako mgongoni, mdomo haufiki, na tope lililokuwa likiwatuliza, "kuna mtu kaliondoa, eti uchafu." Nguchiro akaziba mfereji wake ili tope lijikusanye tena, akapanda mgongoni, akawala kupe mmoja mmoja. Ngiri akafumba macho, akakoroma amesimama.

Akaenda kwa Bi Kobe. Kwa kobe kuketi ni kuketi kweli. Jibu moja, jua limehama. Mayai alishayafukia mwenyewe. Kilichomuuma ni kenge anayekuja kunusa kila alasiri, na yeye kumfukuza hawezi. Nguchiro akamngoja pale pale. Kenge akaja, akamwona, akakumbuka ana shughuli kwingine.

Jua likaanza kutua. Nguchiro akawapanga watoto mlangoni, mizigo kichwani. Wakashika njia watatu wale. Mama Kanga mbele, na kibuyu cha mtama. Ngiri na viazi. Bi Kobe alifika kesho yake, na uyoga.

"Wapi mnakwenda?" Mama Kanga akauliza. "Dada yangu naye ana swila."

Wakashusha mizigo. Mto ukakauka mpaka ukawa njia, na watoto watano wakaona mvua. Sasa yeye ndiye mwenye mlango usiofungika.

Siku moja akapeleka kibuyu cha asali kwa Fuko, akaketi.

"Jirani, miaka yote unauliza watu. Na wewe je? Panakuuma wapi?"

Fuko akaweka kibuyu chini. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mgongoni," akasema. "Panawasha, mkono haufiki. Kushoto. Juu kidogo. Juu. Hapo hapo!"

Kwa hiyo msiniambie mnataka mali na hamjui jirani anaumwa nini. Mali imo midomoni mwa watu. Uliza, nyamaza, halafu ndipo kucha. Anayesaidia bila kuuliza anajisaidia mwenyewe, na mnajua kujisaidia kwingine ni kupi.

Ngano imefika ukingoni, mimi nimebaki; aliyeipenda aibebe, aliyeichoka airudishe kesho na kuni.

Na mmekaa hapo tangu jioni, hakuna hata mmoja aliyeniuliza panaponiuma. Ni goti. La kulia. Na kikombe nacho kitupu.