Mkataba Usio na Karatasi

Simu ililia mara moja usiku, ikanyamaza.

Digna hakushtuka. Hivyo ndivyo bibi yake alivyombipu kutoka kijijini, huko Songea: mlio mmoja, kisha anangoja kupigiwa. Digna alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea siasa na uhusiano wa kimataifa, na kila alipompigia, bibi alimalizia kwa swali lilelile.

"Wewe unayesomea kupatanisha mataifa, lini utawapatanisha wanangu wawili?"

Usiku ule alipompigia, aliyepokea alikuwa baba yake, mzee Kasian.

"Bibi yako amepumzika," alisema.

Kasian na mdogo wake walikuwa hawasemezani, mwaka wa tisa sasa. Mdogo aling'oa mibuni ya marehemu baba yao akapanda mahindi, na tangu siku hiyo kaka mtu hakulitamka tena jina lake. Alimwita "yule wa Mbinga." Sasa kulikuwa na kaburi, na katika ukoo wao mtoto mkubwa ndiye huwaita wadogo zake kwa majina waje kutupa udongo. Asiyeitwa hasogei.

Ndani ya basi Digna aliandika mapendekezo ya amani, vifungu sita, kwa mwandiko safi. Kikao mahali pasipo pa upande wowote. Mpatanishi anayekubalika na wote. Alipofika alimsomea baba yake, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma, mwanangu, nami nimefurahi," alisema. "Sasa ikunje hiyo, ukamsaidie mama yako kuchambua mchele."

Digna akamfuata baba yake mdogo, aliyekuwa amesimama peke yake nje ya uzio, kofia mkononi.

"Nikiitwa nitakuja, mama," alimwambia. "Nisipoitwa, nitamzika kwa macho."

Alasiri jeneza lilifika kaburini. Wakakuta mtu amelala ndani.

Alikuwa mzee Lulandala, Mhehe, jirani yao wa siku nyingi. Zamani za mababu, Wangoni, kabila la kina Kasian, na Wahehe walipigana hadi wakachoka, na wajukuu wakarithi utani. Mtani akifanya lake msibani, hakasirikiwi.

"Toka humo, mtani," alisema Kasian. "Kaburi lako halijachimbwa."

Watu wakacheka chinichini.

"Sitoki. Huyu bibi amenitukana miaka arobaini, lazima nihakikishe ni yeye. Alizaa wangapi?"

"Wawili."

"Wataje."

"Kasian."

"Huyo namjua, mbishi. Babu yake aliwakimbia babu zangu mpaka akasahau ngao. Wa pili?"

Kicheko kikakatika. Kasian akautazama udongo.

"Mtani, jua linazama."

"Huku chini hakuna jua. Pana ubaridi mzuri, nimeanza kusinzia. Mama aliyezaa mmoja mimi simjui. Mrudisheni huyo, mkaniletee mwenye wawili."

Digna akakumbuka chuoni. Mwezi uliopita, kwenye mtihani, mwalimu wake aliuliza: "Taja mkataba mmoja ambao haukuandikwa popote, lakini hauvunjwi." Alikuwa ameliacha swali lile tupu. Kumbe jibu lilikuwa hapa, limelala kaburini mwa bibi yake, limejifunika koti kuukuu, linajifanya kukoroma.

Kasian alijaribu kukunja uso, akashindwa. Kwanza alicheka. Kisha kicheko kile kikageuka kikawa kitu kingine, akafuta macho kwa kiganja.

Mkoromo ukakoma. Kutoka chini sauti ya Lulandala ikaja taratibu, bila utani.

"Kasian, sisi babu zetu waliuana, na leo nakuja kumzika mama yako. Yule pale ulinyonya naye ziwa moja."

Kasian akageuka. Akautazama uzio, na kofia ile iliyokuwa inazungushwa mikononi.

"Osmund," akaita.

Funzo: Nenda ukasome jinsi mataifa yanavyopatana, lakini usiwapite watani wa nyumbani kwenu, maana wao walipatana kabla kitabu chako hakijaandikwa. Na kama kuna jina la ndugu ulilolifungia kifuani, litaje leo, mama yako angali na masikio ya kulisikia.